Kit Mikayi: Jiwe la mke wa kwanza na urithi unaohitaji masikio

KILOMITA zipatazo 29 magharibi mwa jiji la Kisumu, katika eneo la Seme, kuna majabali makubwa yaliyobebana moja juu ya jingine hadi kufikia kimo cha takriban mita 40. Mtu anayeyakaribia kwa mara ya kwanza huyaona yamechomoza juu ya mashamba na nyumba za wanavijiji, kana kwamba kuna mkono uliyapanga kwa makusudi na kuyaacha yaning'inie bila kuanguka.

Mahali hapo panaitwa Kit Mikayi, maana yake katika lugha ya Dholuo ikiwa ni jiwe la mke wa kwanza. Ni mojawapo ya vivutio vinavyojulikana zaidi katika ukanda wa Kenya wa Ziwa Victoria. Wapo wanaofika kupanda na kupiga picha, wapo wanafunzi wanaoletwa na walimu wao, na wapo waumini wanaokuja kusali na kufunga.

Mnamo Desemba 2019, kamati ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) iliyokutana mjini Bogotá, nchini Kolombia, iliziingiza ibada na desturi za Kit Mikayi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Jambo moja katika uamuzi huo aghalabu husahaulika. Kilichoorodheshwa ni yale yanayotendwa na kusemwa na wanadamu kivulini mwa majabali hayo. Mawe yenyewe hayamo.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa yeyote anayekusudia kulizuru jiwe. Mwamba wa Kit Mikayi uliumbika kabla ya kuwapo mnyama au mmea wowote juu ya nchi kavu, na hautazamiwi kutoweka leo wala kesho. Simulizi, nyimbo na dua zake, kwa upande mwingine, zinaweza kupotea katika umri wa kizazi kimoja. Mgeni anayetazama mawe pekee na kurudi nyumbani huwa ameiona sehemu isiyo hatarini, akaikosa ile iliyo hatarini.

Lalamiko lililogeuka jina

Katika Dholuo, jiwe huitwa kidi. Linapotajwa kuwa ni la mtu fulani, neno hilo hugeuka na kuwa kit. Mikayi ni cheo cha mke wa kwanza katika ndoa ya wake wengi. Maneno hayo mawili yakiunganishwa ndipo linapopatikana jina Kit Mikayi, ambalo pia limekuwa jina la kituo cha biashara kilicho jirani.

Simulizi inayojulikana zaidi humtaja mzee mmoja aliyeitwa Ngeso. Inasemekana kwamba mzee huyo alilipenda jabali hilo mapenzi yasiyo ya kawaida. Kila asubuhi alipoamka aliingia katika pango lililomo ndani yake na kukaa humo kutwa. Mkewe alilazimika kumpelekea kiamsha kinywa na chakula cha mchana hukohuko pangoni. Majirani walipofika nyumbani na kumuuliza alikokwenda mumewe, mwanamke huyo aliwajibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Jibu hilo lilirudiwa mara nyingi hata likawa jina la mahali.

Msikilizaji makini hatakosa kugundua kwamba, katika simulizi hii, aliyelipa jabali jina ni mwanamke, na kwamba jina lenyewe ni lalamiko lililovikwa mzaha. Aliyepika na kubeba chakula jua likiwaka alijiona ameshushwa cheo nyumbani kwake, akawa kama mke mdogo wa mume aliyekwisha kuoa jiwe. Wenyeji husimulia kisa hiki kwa kicheko, lakini ndani yake mna uchungu ambao wanawake wengi wa zamani na wa sasa wanaweza kuutambua.

Hii si simulizi pekee. Masimulizi ya asili ya Kit Mikayi ni mengi, na mengine huhusu mapenzi, mengine maumbile ya nchi na mengine kifo. Anayetaka kuyasikia hana budi kuuliza na kisha kuwa na subira, kwa sababu kila mzee huanza mahali pake na kumaliza mahali pake.

Ramani ya boma

Ili kufahamu kwa nini neno mikayi lina uzito kiasi hicho, yafaa kwanza kulielewa boma la jadi la Waluo, linaloitwa dala. Boma hilo lilikuwa na mpangilio usiovunjwa ovyo. Nyumba ya mikayi ilijengwa sehemu ya ndani kabisa, katikati, ikilitazama lango kuu. Nyumba ya mke wa pili, nyachira, ilikuwa upande wake wa kulia, na ya mke wa tatu, reru, upande wa kushoto. Vijana wa kiume walijenga vibanda vyao, vinavyoitwa simba, karibu na lango, na kijana wa kwanza kuzaliwa ndiye aliyetangulia kujenga.

Mpangilio huo ulitawala pia kazi. Msimu wa kupanda ulipowadia, shamba la mikayi ndilo lililotangulia kupandwa, kisha wakafuata nyachira na reru kwa zamu zao. Vivyo hivyo wakati wa mavuno. Aliyeiruka zamu yake aliaminiwa kuiletea familia chira, yaani balaa linalomwandama mtu aliyekiuka mwiko. Kwa hiyo kuitwa mikayi kulikuwa heshima na mzigo pia. Mke wa kwanza alikuwa nguzo ya utaratibu wote wa nyumba.

Wenyeji wanaowatembeza wageni huusoma mpangilio huo katika majabali yenyewe. Jiwe la katikati huelezwa kuwa ni Ngeso, baba wa boma. Kando yake kuna mikayi, jabali nene kuliko mengine, kisha nyachira, kisha reru. Mbele yao kuna jiwe linalosimama badala ya simba, kibanda cha mwana wa kwanza wa kiume. Kwa maelezo hayo, anayelizunguka jabali huwa amelizunguka boma zima.

Maelezo haya yana uzito wa pekee kwa mtoto aliyezaliwa katika mitaa kama Obunga, mmojawapo wa mitaa ya mabanda ya jiji la Kisumu. Obunga hujulikana kwa wanawake wanaokaanga na kuuza mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu kwa ajili ya masoko ya mbali. Ni mtaa wa vyumba vya kupanga vilivyosongamana, ambako familia nzima huweza kuishi katika chumba kimoja. Huko hakuna lango la boma wala simba ya kijana, na mtoto hawezi kuonyeshwa kwa kidole nyumba ya mikayi ilipo.

Hata mashambani, ndoa za wake wengi zimepungua, ardhi imegawanywa vipandevipande, na nyumba za sasa hujengwa kwa ramani nyingine. Mtoto wa namna hiyo akisimama mbele ya Kit Mikayi na kuelezwa jiwe kwa jiwe, hupata somo ambalo bibi yake alilipata kwa kufagia tu uwanja wa nyumbani. Hakuna anayelazimika kuutamani utaratibu wa zamani ili auelewe. Wapo wasichana wengi ambao, wakishaelezwa, watashukuru kwamba hawakuzaliwa katika zama hizo. Hata hivyo, kushukuru huko nako kunahitaji ujuzi wa mambo yalivyokuwa.

Kwa anayetaka maandalizi kabla ya safari, Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980, yana mfano kamili wa boma la Waluo unaoitwa Ber-gi-dala. Humo mtu huweza kuona nyumba za wake zikiwa zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, pamoja na ghala na zizi. Aliyeanzia hapo hulisoma jabali la Seme kwa wepesi zaidi.

Jinsi majabali yalivyojitokeza

Wanajiolojia nao wana simulizi yao. Magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania zimekaa juu ya kipande cha gamba la dunia kilicho kikongwe mno, chenye miamba iliyopita umri wa miaka bilioni 2.5. Kit Mikayi ni sehemu ya miamba hiyo. Jiwe lake ni itale, ambalo wengi hulifahamu kwa jina la graniti. Lilitokana na uji wa moto uliopoa polepole ndani kabisa ya ardhi, bila kufika juu kama inavyokuwa kwa volkano.

Mwamba wa namna hiyo unapopoa, na baadaye uzito wa ardhi iliyoufunika unapopungua, hupasuka nyufa za wima na za mlalo. Maji ya mvua hupenya katika nyufa hizo na kuulainisha mwamba kidogokidogo kwa muda mrefu sana. Pembe za kila kipande hushambuliwa na maji kutoka pande nyingi kwa pamoja, hivyo hulika upesi kuliko nyuso zake. Kipande kilichokuwa na umbo la sanduku huishia kuwa mviringo, na kuzunguka kila jiwe gumu hubaki udongo na changarawe laini.

Hayo yote hutokea chini ya ardhi. Mvua na mito inapouchukua udongo huo laini, mawe magumu hubaki pale yalipokuwa tangu mwanzo, yameegemeana. Kwa hiyo hakuna nguvu iliyoyapandisha majabali ya Kit Mikayi mmoja mmoja hadi juu. Yalikuwa yamepangana tayari, yakafunuliwa. Joto la mchana na ubaridi wa usiku huendelea kuubambua uso wake tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu.

Jabali la Seme lina ndugu zake. Kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, mahali paitwapo Ilesi, kuna jiwe linalolia, nguzo ndefu ya mwamba ambayo maji hutiririka ubavuni mwake mithili ya machozi. Upande wa Tanzania, jiji la Mwanza limezungukwa na mawe ya namna hiyohiyo, na lile maarufu kuliko yote limesimama ndani ya maji ya ziwa. Jiwe hilo huitwa Bismarck, kwa jina la Otto von Bismarck, chansela wa Ujerumani wakati nchi hiyo ilipoitwaa Tanganyika. Ni tofauti ya kutafakariwa: katika ukingo mmoja wa ziwa jiwe lina jina la mtawala wa mbali ambaye hakulitia machoni, na katika ukingo mwingine lina jina lililotoka kinywani mwa mke aliyechoka kubeba chakula.

Mahali pa dua

Kwa Waluo wa Seme, hususan ukoo wa Kakelo unaoishi karibu nalo, jabali lilikuwa mahali pa kukimbilia wakati wa shida. Ukame ulipozidi, wazee walikwenda huko kuomba mvua. Mnyama alichinjwa, nyama ikaliwa pamoja palepale, na nyimbo zikaimbwa. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba baada ya ibada hizo mvua ilinyesha kwa wingi na mavuno yakawa mazuri. Sala zilitolewa pia kwa ajili ya mavuno na kwa ajili ya kuepushwa na majanga.

Nyimbo za dodo, ambazo huimbwa na kuchezwa na wanawake, zilikuwa na bado ni sehemu ya mambo ya mahali hapo. Makundi ya wanawake wa eneo hilo huwakaribisha wageni kwa nyimbo hizo. Mgeni asiyejua Dholuo huambulia mdundo na madaha ya mabega. Mwenye kuijua lugha hupata pia mafumbo, sifa na vijembe vilivyomo katika maneno.

Dini zilizokuja baadaye hazikulifuta jabali katika ramani ya ibada. Miongoni mwa wanaolizuru ni waumini wa Legio Maria, kanisa lililoanzishwa miongoni mwa Waluo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko baada ya kujitenga na Kanisa Katoliki. Waumini wa makanisa mengine ya Kiafrika hufika pia. Wanaokuja kusali hutafuta utulivu wa mapango na nafasi zilizo kati ya mawe, na baadhi yao hukaa huko muda mrefu wakifunga na kuomba.

Kwa sababu hiyo, jabali moja lina wenyewe wengi. Mzee wa ukoo analiona kuwa mahali pa wahenga wake. Mama mwenye rozari analiona kuwa mlima wa sala. Mwanafunzi analiona kuwa somo la jiografia, na serikali ya kaunti inaliona kuwa chanzo cha mapato. Hakuna hata mmoja wao aliyekosea. Tatizo huanza pale mmoja anapodhani kwamba yuko peke yake.

Kwa nini urithi huu uko hatarini

Mkataba wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika ulipitishwa na UNESCO mwaka wa 2003, na Kenya ikajiunga nao mwaka wa 2007. Chini ya mkataba huo, desturi za Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya dharura mwaka wa 2009, ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka wa 2014, na jando la Wamaasai liitwalo Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr mwaka wa 2018. Kit Mikayi ikawa ya nne mwaka wa 2019.

Orodha hii isichanganywe na ile ya Urithi wa Dunia, ambayo hulinda mahali. Katika orodha hiyo ya pili, nchi ya Waluo inawakilishwa na Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa katika Kaunti ya Migori, lililoorodheshwa mwaka wa 2018.

Sababu zilizotolewa za kuiweka Kit Mikayi katika orodha ya dharura ni bayana. Ibada zinafanyika mara chache kuliko zamani. Wanaozijua wamezeeka, na idadi yao inapungua. Aidha, makazi na shughuli nyingine zimesogea karibu mno na eneo lenyewe. Kila mzee anayefariki bila kumrithisha mtu maneno ya dua huondoka na ukurasa mmoja wa kitabu ambacho hakikupata kuandikwa.

Kuna pia hatari ya namna nyingine, ambayo huja na mafanikio. Wageni wanapoongezeka, wimbo huweza kufupishwa ili umalizike kabla ya basi kuondoka. Simulizi ndefu hukatwa ikabaki sentensi mbili za kuchekesha. Dua, ambayo kwa asili yake hufanywa kwa sababu ya haja, huweza kugeuzwa maonyesho yanayopangiwa saa. Si kwamba utalii ni adui. Binti anayejifunza dodo ili aimbe mbele ya wageni amejifunza dodo, na pengine asingejifunza kwa njia nyingine. Lakini wimbo unaweza kuimbwa kwa malipo na ukabaki wimbo. Sala haiwezi.

Safari kutoka jijini

Safari ya kwenda Kit Mikayi si ngumu. Mkazi wa Obunga huanza kwa kwenda kituoni jijini kwa bodaboda, tuktuk au kwa miguu, kisha hupanda matatu ya kuelekea Bondo. Barabara hupita karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu na kufika Kisian. Hapo hugawanyika: tawi la kulia huenda Maseno na Busia, na la kushoto huelekea Bondo. Msafiri hufuata tawi la kushoto na kumwarifu utingo mapema kwamba atashukia Kit Mikayi. Kutoka barabarani hadi kwenye jabali, umbali uliobaki huweza kumalizwa kwa bodaboda au kwa miguu.

Langoni hutozwa ada, na wapo waelekezi. Mgeni anashauriwa asikatae mwelekezi kwa kusudi la kuokoa fedha kidogo. Mwelekezi anajua njia salama ya kupanda, na zaidi ya hayo ndiye mwenye simulizi. Kuzuru mahali hapa bila maelezo ni sawa na kufungua kitabu na kutazama herufi bila kusoma.

Wakati mzuri ni asubuhi. Mchana jua la kandokando ya ziwa huwa kali na jiwe hupata joto, na alasiri mawingu ya ziwani mara nyingi huleta mvua ya ghafla yenye radi. Msimu wa mvua ndefu ni kuanzia Machi hadi Mei, na wa mvua fupi ni kuanzia Oktoba hadi Desemba. Itale lililolowa huteleza vibaya. Viatu visivyoteleza, maji ya kunywa na kofia ni mahitaji ya lazima. Watoto washikwe mikono, na wazee au wasioweza kupanda wasione haya kubaki chini, kwa kuwa sehemu kubwa ya simulizi husimuliwa hapo chini.

Mwenye siku nzima anaweza kuendelea na barabara hiyohiyo hadi Bondo, kwenye makavazi ya Kang'o ka Jaramogi, mahali alipozikwa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya.

Adabu za mgeni

Sehemu nyingine za dunia zimekwisha kukabiliana na swali linaloikabili Kit Mikayi: mahali pa sala pafunguliwe vipi kwa wageni bila kupoteza heshima yake? Nchini Australia, kupanda jabali la Uluru, ambalo ni takatifu kwa wenyeji wa jamii ya Anangu, kulipigwa marufuku kuanzia Oktoba 2019. Wenyeji hao walikuwa wameomba kwa miaka mingi lisipandwe. Wageni bado wanakwenda, lakini sasa hulizunguka na kusikiliza badala ya kulikanyaga.

Mfano wa karibu zaidi uko Kwale, katika pwani ya Kenya. Katika msitu wa Kaya Kinondo, wageni hupokewa na Wadigo wenyewe, hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na huelezwa miiko ya msitu. Anayekataa haingii. Utaratibu huo haujawafukuza watalii. Umewafanya watambue kwamba wanaingia katika nyumba ya watu.

Kit Mikayi haina haja ya kunakili sheria za Uluru wala za Kinondo, kwa kuwa ina desturi zake. Hata hivyo, kuna adabu chache ambazo mgeni yeyote anaweza kuzishika bila kuagizwa na mtu. Asiingie penye watu wanaosali mpaka wamalize au waashirie aingie. Asimpige picha muumini bila ruhusa yake. Asichore jina lake juu ya mwamba kwa rangi wala kwa chuma, kwa sababu mwamba huo utalihifadhi jina lake la aibu kwa muda mrefu kuliko atakavyoishi. Apunguze sauti ya muziki na ya simu. Aondoke na taka zake. Na anapoona mshumaa, asiuguse.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na imezikabidhi serikali za kaunti majukumu ya utalii wa mahali na shughuli za utamaduni. Zaidi ya hapo kuna sheria ya makavazi na urithi ya mwaka wa 2006, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi ya mwaka wa 2016. Kwa maandishi, basi, Kit Mikayi haikosi ulinzi.

Kinachobaki ni utekelezaji, na hapo ndipo methali ya Waswahili isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone inapopata maana. Mwenyeji wa Seme atapona iwapo ada inayolipwa langoni itaonekana katika maisha ya walio jirani na jabali, iwapo kina mama wa dodo watalipwa kwa haki, na iwapo wazee watakuwa na sauti katika kuamua ni siku zipi mahali hapo paachiwe sala peke yake. Mwenyeji asipopona, hatakuwa na sababu ya kuwafundisha wanawe mambo ambayo hayakumsaidia yeye.

Kazi iliyo ya haraka kuliko zote ni ya masikio. Wazee wanaozijua dua na nyimbo wanahitaji kusikilizwa na kurekodiwa kwa Dholuo, kwa urefu, bila kukatizwa. Shule zilizo Seme na zile za Obunga, Nyalenda na Manyatta jijini zinaweza kuwapa wanafunzi zoezi jepesi: kila mmoja arudi na toleo moja la kisa cha Ngeso kutoka kwa mtu aliyepita umri wa miaka 60, na kuandika mahali toleo hilo linapotofautiana na la mwenzake. Zoezi hilo halihitaji bajeti. Simu ambayo mzazi anayo mfukoni inatosha kuhifadhi sauti.

Likizo za shule ni nafasi nzuri ya kulianza jambo hili. Mzazi wa Obunga akiweza kukusanya nauli ya matatu na ada ya langoni, awachukue wanawe hadi Seme asubuhi, awaonyeshe mikayi, nyachira, reru na simba, kisha awaache wamuulize mwelekezi maswali hadi wachoke. Na ikiwa nyumbani yuko bibi anayeijua simulizi kwa namna nyingine, aulizwe yeye kwanza, kabla ya safari.